Kukataa kwa Amani: Lamu Ilivyofanya na Sheria Inavyosema

Mwananchi akiukataa mpango wa serikali unaomdhuru, hajaasi. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Ibara ya 37 inamruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwapelekea wenye mamlaka malalamiko yake, mradi afanye kwa amani na bila silaha. Hata akiwa peke yake kijiji kizima, haki hiyo ni yake.

Lamu tumeyaona haya. Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa zaidi ya megawati 1,000. Watu waliandamana, wakiwemo wavuvi waliohofia bahari yao, na kundi la Save Lamu likapeleka kesi mbele ya mahakama maalumu ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba wananchi waliitwa mikutanoni mapema, kabla ya utafiti wa athari za mtambo kwa mazingira kufanywa. Ripoti yenyewe ilipokamilika hawakupewa nafasi ya maana ya kuijibu.

Hapo ndipo naomba tutue. Kesi ya namna hiyo husimama kwa ushahidi wa nani aliitwa, lini, na aliambiwa nini. Kwa hiyo chifu akiita baraza, nenda. Omba ripoti yenyewe, usiridhike na maelezo ya mdomo. Toa pingamizi lako, kisha omba liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina lako. Ukipeleka barua ofisini, chukua nakala mbili: moja waachie, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Inauma kumwona mzee mwenye haki yake asiye na hata karatasi moja ya kuionyesha.

Na maandamano? Wengi hudhani lazima polisi watoe kibali. Sheria inataka taarifa: umwandikie mkuu wa kituo si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, ukitaja jina lako, anwani, tarehe, saa na njia mtakayopita, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Barua hiyo nayo igongewe muhuri.

Wapo ambao dhamiri huwafikisha mbali zaidi, wakakataa amri waziwazi, bila kujificha na bila kumgusa mtu. Nawaheshimu, lakini wajue kwamba wanaweza kushtakiwa. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kwa kawaida kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Jamaa zake wawahi kituoni, waulize kama jina lake limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na wanakili nambari ya maandishi hayo.