Wanavyolala katika fasihi ya Kiingereza: dhana na ukweli

"Kulala, pengine kuota" ni maneno ya Shakespeare ya kusifia ndoto.

Sivyo. Hamlet, mhusika mkuu wa tamthilia yenye jina lake, anapoyatamka anawaza kujiua. Kulala hapo ni kufa, na kinachomzuia ni hofu ya ndoto zitakazomjia akishakufa. Wanaoyatarizi maneno hayo kwenye foronya wangesoma kwanza mistari inayofuata.

Anayetembea usingizini hufumba macho na kunyoosha mikono mbele.

Huyo ni wa katuni. Katika Macbeth, tamthilia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, daktari anakesha ili amwone Lady Macbeth kwa macho yake. Mhudumu keshamsimulia: bibi huinuka kitandani, akajitupia joho, akafungua kabati, akatoa karatasi, akaikunja, akaiandika, akaisoma, akaipiga lakiri, kisha akarudi kulala, na muda wote huo yumo usingizini. Anapotokea na mshumaa mkononi, daktari anashangaa kuona macho yako wazi. Mhudumu anajibu kwamba yako wazi, ila hayaoni. Halafu bibi anaanza kusugua mikono kama ananawa, jambo ambalo huweza kulifanya robo saa nzima. Madaktari wa leo wangemtambua mara moja, kwa sababu anayetembea usingizini kwa kawaida huwa na macho wazi na huweza kufanya mambo aliyoyazoea. Ila kuandika barua na kuifunga kwa lakiri, hapo naona Shakespeare kaongeza chumvi.

Joe, yule kijana mnene wa Dickens, ni mvivu tu.

Katika The Pickwick Papers (1836–37) Joe husinzia popote. Kuna mahali anagonga mlango mfululizo kwa kishindo, macho kayafumba. Bwana wake kamwagiza asiache kugonga mpaka wafungue, asije akalala. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa watu wanene kupita kiasi ambao hupumua kwa shida na kusinzia mchana, wakaupa jina la Pickwick.

Kuamka katikati ya usiku ni balaa la zama za umeme.

Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer alimwandika binti mfalme Canace akilala "usingizi wake wa kwanza", kisha akaamka. Hakufafanua, maana wasomaji wake waliujua. Mwanahistoria Roger Ekirch amekusanya ushahidi mwingi wa usingizi huo wa awamu mbili, yaani kulala, kuamka katikati ya usiku, kisha kulala tena, ingawa wenzake bado wanabishana kama kila mtu alilala hivyo.