Sheikh Amri Abedi: Waziri Aliyetuandikia Kanuni za Ushairi

Ukimtaja Sheikh Amri Abedi mbele ya vijana wengi hapa Tanga, watakujibu habari za mpira, maana wanaujua uwanja wa Arusha wenye jina lake. Sisi tunaofundisha fasihi inatuuma kuona jina hilo linatangazwa redioni kila msimu wa ligi huku kitabu chake kikikaa rafuni bila msomaji.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa sheikh wa Jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya na alishiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo mwaka 1953. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru aliingia katika baraza la mawaziri, akashika Sheria, kisha Utamaduni. Alifariki Oktoba 1964, hata uzee hajauona. Ujiji hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Saadani Kandoro, malenga, yaani mtunzi stadi wa mashairi, na mmoja wa waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Kwa wanasiasa wa kizazi kile, kutunga shairi kulikuwa sehemu ya kusema na watu.

Mwaka 1954, wakati TANU inazaliwa, Amri alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kabla ya hapo pwani yetu ilikwishatunga kwa karne nyingi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alikwishasimulia kwa utenzi vita vya Wajerumani vilivyoitikisa Pangani, na Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alikwishajulikana kila mahali. Lakini kanuni zenyewe mtu alizipata kwa kukaa karibu na malenga: akasikiliza, akajaribu, akakosolewa. Asiye na malenga mtaani kwake angeanzia wapi? Amri, aliyezaliwa mwisho wa njia ya misafara ya Bagamoyo, mbali kabisa na bahari, aliziweka kanuni hizo kwenye karatasi ili kila ajuaye kusoma azipate.

Tuzitazame kwa mistari miwili niliyoitunga kwa ajili ya darasa letu:

Kumepambazuka Tanga, samaki wanaingia,
Ngalawa zashusha tanga, wachuuzi wavamia.

Hesabu silabi kwa vidole. Kila kipande, yaani nusu ya mstari, kina mizani (silabi) nane, kwa hiyo mstari mzima una kumi na sita. Katikati kuna kina, yaani mlio unaorudiwa, cha *nga*, mwishoni *ia*, na vina hivyo hushikwa ndani ya ubeti, ingawa mstari wa mwisho unaweza kuwa na vina vyake. Wanafunzi hukwama zaidi kwenye sauti za puani. *Mba* katika "kumepambazuka" ni mizani moja, lakini "mtoto" ina mizani tatu, kwa sababu ile *m* inasimama peke yake. Ukikosea hapo, shairi linachechemea, na mwimbaji atalijua kabla ya msomaji.

Na kuimba ndiko alikokusisitiza Amri. Kwake shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Kauli hiyo ilizua ubishi mkubwa miaka ya 1970, hasa baada ya mshairi Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Walioshika mapokeo walimnukuu Amri kana kwamba ni hakimu. Wenzao wakamlaumu kwamba ameufunga ushairi minyororo. Nimesikia pande zote mbili na naona zote zimemwonea. Mtu aliyeandika ili mgeni aweze kuingia hawezi kuitwa mfunga mlango, na mshairi anayetaka kuziacha kanuni atanufaika akizijua kwanza. Kwa lile la kuimba, mimi nasimama na Amri. Shairi lipite kooni, hata kama mizani yake imeachwa huru.

Anayetaka kumsoma asianze na sheria. Aanze na diwani, yaani mkusanyiko wa mashairi, sehemu ya pili ya kitabu, asome kwa sauti pamoja na mwenzake, mmoja kipande cha kwanza cha mstari, mwingine cha pili. Sikio likishazoea mapigo, arudi kwenye kanuni akiwa na kalamu, achague ubeti mmoja wa Amri autengue silabi kwa silabi. Kisha atunge wake, amletee mtu wa kumkosoa.