Crown ya kijana, Benzi ya mzee: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nasubiri zamu pale tunapooshea magari, Sinza, Dar es Salaam. Mbele yangu kulikuwa na Toyota Crown Athlete nyeupe, namba E, viti vya ngozi nyeusi, na pembeni yake kijana wa miaka 27 hivi. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, gari la bosi wako hili?" Kijana akajibu, "Hapana mama, ni langu. Ila bado nadaiwa na Saccos."

Mama yule hakuwa na nia mbaya. Aliuliza lile ambalo wengi wetu tunaliwaza kimoyomoyo: kijana kwenye gari la kifahari ama ni dereva wa mtu, ama ni mtoto wa kigogo, ama kuna pesa isiyoelezeka. Mzee akiwa ndani ya gari hilohilo tunamwamkia shikamoo na kumpisha. Nimeishi na magari ya aina hii miaka 11 sasa, Toyota Mark X kwanza, kisha Crown, na leo Benzi C-Class, na nimeona maneno ya vijiweni yanavyowagharimu watu pesa yao halali. Mmoja analikimbia gari zuri bila sababu, mwingine anaingia kichwa kichwa kwenye gari litakalomla mshahara.

"Sedani kubwa ni gari la mzee mwenye pesa"

Kwa Japani dhana hii ina mizizi. Crown ilianza kuuzwa 1955, na mwaka 1983 Toyota waliitangaza kwa msemo wenye maana ya "ipo siku, Crown": mtu aanze na gari dogo, apande vyeo, hatimaye aifikie. Ikawa hivyo kweli. Wanunuzi wakazeeka pamoja na gari lenyewe, mpaka kampuni ikaingiwa na wasiwasi. Mwaka 2013 wakatoa Crown ya rangi ya pinki na kupokea oda zake kwa mwezi mmoja tu, ili watu waache kuiona kama gari la babu.

Huku kwetu linafika kwa njia nyingine. Linashuka bandarini likiwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Crown ya 2010 iliyotoka kwa meneja wa Nagoya inaanza maisha mapya kwa kijana wa Mbezi mwenye duka la simu. Umri wa dereva umeshuka kwa sababu umri wa gari umepanda, basi.

Kinachombana kijana huyo zaidi ni kodi. Tanzania haijakataza magari ya zamani, ila inayatoza. Chukua Crown ya lita 2.5 iliyozidi miaka 10, na tuseme thamani inayotambuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, ni shilingi 100. Ushuru wa forodha asilimia 25 unaifikisha 125. Hapo juu yake inakuja asilimia 10 ya injini iliyozidi cc 2000 na asilimia 30 ya uchakavu, yaani 50 nyingine, tunafika 175. Weka VAT asilimia 18, inakuwa 206.5. Bila kuhesabu tozo ndogondogo, kodi peke yake imeizidi thamani ya gari. Kijana aliyelipa hivyo kwa mkopo wa Saccos ameilipa serikali kuliko alivyomlipa Mjapani, na sioni kwa nini atazamwe kwa jicho la shaka.

Wenzetu wa Kenya wana sheria tofauti: gari lililotumika halipokelewi likiwa limevuka miaka 8 tangu kusajiliwa kwake kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana mnunuzi wa Nairobi na wa Dar wanaweza kuangalia mnada mmoja na kutoka na magari yaliyopishana miaka mingi. Mark X iliacha kutengenezwa Desemba 2019, kwa hiyo kwa Nairobi mlango wake unakaribia kufungwa. Kwa Dar unabaki wazi kwa yeyote anayekubali kuibeba ile asilimia 30.

"Namba E, gari jipya"

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linatumika kuuzia watu. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho za namba ya usajili inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini. Gari la 2008 lililoshushwa juzi lina namba E. Gari la 2013 lililokuja mapema lina namba D, na mitaani linauzwa bei ya chini kwa sababu ya herufi tu, hata kama limetunzwa vizuri zaidi.

Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, nao ukiutilia shaka, gari lenyewe litakusaidia. Kwa magari ya Kijapani angalia mwanzo wa namba ya chesesi: GRX120 ni Mark X ya toleo la kwanza, lililoanza 2004; GRX130 ni toleo la pili, la kuanzia 2009; GRS180 na GRS200 ni Crown za vizazi viwili tofauti. Kwa Benzi, tarakimu za nne hadi ya sita za namba ndefu ya chesesi ndizo zinazotaja umbo, kwa mfano 204 kwa C-Class ya 2007 hadi 2014. Kisha vuta mkanda wa kiti mpaka uishe. Chini kabisa, karibu na sakafu, mara nyingi kuna lebo ya kitambaa yenye mwaka wa kutengenezwa. Dalali hupaka rangi bampa, huweka taa mpya, hubadili usukani. Ile lebo sijaona anayeikumbuka.

"Mzee wa Kijapani aliitunza, ina kilomita 60,000 tu"

Nusu yake ni kweli, na ndiyo nusu inayoponza watu. Japani wana ukaguzi mkali wa lazima, wa kwanza gari likitimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Kwa hiyo mtu anaweza kuliacha gari zima kabisa kwa sababu ya gharama za makaratasi, na wewe ukalipata likiwa halijachoka.

Lakini kilomita 60,000 kwa miaka 15 ni gari lililolala sana. Chuma hakijali kulala. Mpira unajali. Bushi zinapasuka, sili za injini zinakauka, mabomba ya rejeta yanakuwa magumu kama plastiki. Gari likishatua Dar na kuanza kukaa foleni ya Mwenge saa nzima kwenye joto la nyuzi 33, ule mpira wote unadai haki yake ndani ya miezi sita. Mwenye gari anasema kaletewa mkosi, kumbe ni umri tu.

Tairi nazo zina siri hiyohiyo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukikuta 2314, hilo ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama michirizi yake bado ina kina kizuri. Usiende nalo Dodoma.

Kuhusu kilomita zenyewe, odometa inarudishwa nyuma, hilo linajulikana. Omba karatasi ya mnada wa Japani gari lilikonunuliwa. Ina daraja la gari, ina kilomita zilizoandikwa siku ya mnada, na herufi R au RA inakuambia liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea, mshukuru na uende yadi nyingine.

"Toyota ni Toyota, spea ni zilezile"

Hapana. Spea ya Crown haijui kwamba wewe ulinunua gari likiwa limeshuka bei. Bei yake inafuata daraja la gari lilipokuwa jipya. Mtu aliyetoka kwenye Toyota ndogo kama Ist akaenda maduka ya spea ya Gerezani kutafuta bushi za mbele za Mark X hurudi kimya, kwa sababu mguu wa mbele wa Mark X una mikono mingi kuliko wa Ist, na kila mkono una bushi zake na bol jointi yake.

Injini nayo ni ya namna yake. V6 ya lita 2.5, ile 4GR, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni nguvu. Hasara ni kwamba petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi yanajijenga taratibu. Lexus IS250 yenye injini ya familia hiyo ililalamikiwa sana Marekani kwa jambo hili. Ukisikia gari linatetemeka asubuhi likiwa limewashwa bila kukanyagwa mafuta, usikubali kubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu, kimoja kimoja kama bahati nasibu. Mwambie fundi aangalie masizi kwanza.

Na usichanganye Crown Royal Saloon na Crown Majesta. Majesta nyingi zinakaa juu ya mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Mfuko ukitoboka, unaliacha gari usiku limenyooka, asubuhi unalikuta limelalia upande mmoja. Benzi kubwa za E na S zenye mfumo wa upepo ni hivyohivyo. Kabla ya kununua gari la namna hiyo, nenda ukalione asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha.

Petroli? Inakula, ndiyo. Crown yangu mjini ilinipa kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Wanaosema inakunywa kama lori wanatia chumvi.

"Oili ya gia boksi haiguswi"

"Bosi, hizi gia boksi hazifunguliwi. Ukibadili oili tu, imekufa." Nimeambiwa hivyo na mafundi watatu tofauti, watu wanaojua kazi, nami nikaamini kwa miaka mitatu.

Imani hii ina asili mbili. Viwanda vyenyewe viliwahi kuandika kwamba oili ile ni ya maisha yote ya gari, na maisha waliyoyafikiria si haya ya mmiliki wa tatu katika nchi ya joto. ZF, wanaotengeneza gia boksi za BMW nyingi, wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Asili ya pili ni mafundi kuona gia boksi zikifa baada ya kubadilishiwa oili. Ni kweli zilikufa. Ila nyingi zilikuwa zimeshaanza kuteleza ndipo mwenye gari akakumbuka oili, na oili mpya hairudishi kilichokwisha kuliwa.

Mimi nilipozinduka, nilikosea kwa upande mwingine. Nilipeleka Crown kwenye gereji ya jirani, na fundi akamwaga oili ya zamani, akatia nyekundu ya kawaida ya dukani. "Zote ni oili ya gia boksi," akaniambia. Crown ile inataka oili ya Toyota WS, ambayo ni nyepesi. Tena haina kijiti cha kupimia: kiwango kinapimwa kwa kufungua plagi ya chini gari likiwa linaunguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu, mpaka ianze kutoka kwa matone. Yeye alikadiria kwa macho. Wiki ya tatu, nikipanda mlima wa Kimara, gia ya pili kwenda ya tatu ilianza kunipiga teke mgongoni. Ada ya muhula ya mwanangu ndiyo iliyonunua gia boksi iliyotumika. Bado naikumbuka sauti ya mke wangu siku hiyo: hakugomba, aliuliza tu shule inafungua lini.

"Benzi ikifika miaka 10 imekwisha"

Anayesema hivi mara nyingi hajawahi kumiliki, au alimiliki iliyokuwa imeshaachwa. W204, yaani ile C-Class ya 2007 hadi 2014, ina mambo yake yanayojulikana: mnyororo wa taiming wa injini za Kompressor hurefuka, na kufuli la umeme la usukani likigoma, ufunguo hauwashi kitu. Lakini ni mambo yenye dalili na yenye mafundi. Mnyororo unasikika ukikwaruza sekunde chache injini ikiwa ya baridi. Oili iwe ya kiwango cha Benzi cha 229.5, ibadilishwe kila kilomita 8,000 au chini yake, hata kama kompyuta ya gari inakuruhusu kusubiri. Mimi nimefika kilomita 174,000 na injini haijafunguliwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee wa miaka 71, mstaafu wa reli, mwenye Benzi 124 ya mwaka 1992. Gari hilo lina umri wa miaka mingi kuliko kijana wa Sinza. Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna daftari la shule lenye jalada la kahawia, na kila Jumamosi baada ya chai mzee analifungua, anaweka miwani, anaandika. Nilimwomba anionyeshe. Safu tatu kwa peni ya bluu: tarehe, kilomita, kilichofanyika. Nilisoma mstari wa mwisho wa ukurasa: "Bomba la juu la rejeta. Nimebadili kabla halijapasuka."