Ubeti Huu ni wa Mwana Kupona Kweli? Dhana Potofu Kuhusu Tungo za Kale

Beti za kale hazikai mahali pamoja. Zinasomwa harusini, zinachapwa kwenye kadi, zinarushwa kwenye simu, na kila zinapopita hubandikwa jina kubwa: Mwana Kupona, Muyaka, Liyongo, Shaaban Robert. Mara nyingine jina ni sahihi. Mara nyingine ubeti umetungwa juzi, na Mwana Kupona, bibi wa watu aliyefariki zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, anasemeshwa asiyoyasema.

Dhana: "Mizani imetimia na vina vimekaa, basi ni wa kale."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Chukua ubeti huu, tulioutunga sisi kwa ajili ya makala haya:

Mwanangu nakuusia
ndoa kuivumilia
changamoto zikijia
simama bila kulia

Hesabu silabi: nane, nane, nane, nane. Vina havina kasoro. Ukiandikwa chini yake "Mwana Kupona, 1858", wengi wataupokea bila kuuliza. Sasa uweke kando ya mwanzo wa Utendi wa Mwana Kupona wenyewe, shairi refu la wosia alilomtungia binti yake:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hapa pia ni mizani nane, lakini uihesabu kama washairi wanavyohesabu: *bi-n-ti* ni silabi tatu, na *m* ya *mchachefu* inasimama peke yake. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, *-ti*, na cha nne kinafunga kwa *-a*, kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti wa utendi. Halafu msamiati. "Pulika" ni kusikiliza. Ubeti unaofuata mara baada ya huo una "neno lema", yaani neno jema, na mbele kidogo utakuta "ndoo mbee", yaani njoo mbele. Hiyo ni lugha ya pwani ya kaskazini, ya Lamu, Pate na Siu. Ubeti wetu wa bandia ni Kiswahili sanifu kitupu, na "changamoto" kwa maana ya shida za maisha ni matumizi ya karibuni mno.

Kwa hiyo mizani ni kipimo cha kukataa, si cha kukubali. Ubeti ukikosa mizani, shuku kwamba kuna neno lililoanguka au lililobadilishwa. Ukitimia, bado hujathibitisha lolote, maana mtunzi yeyote mwenye sikio anaweza kutimiza silabi nane.

Ujue pia mizani ya kila utungo. Utendi ni nane kwa kipande. Al-Inkishafi, shairi refu la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, haiendi hivyo:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na kotwe waikaliye

Gawa kila mshororo: sita, pumzi, kisha tano. *Ma-da-ka-ya-nyu-mba*, *ya-zi-sa-ha-ni*. Vina vitatu vya *-ni*, kisha *-ye*, na hiyo *-ye* ndiyo kina cha mwisho kinachoshika utungo. Tazama na sarufi yake: "zisahani" kwa visahani, "walaliye" kwa wamelala. Ukiletewa "ubeti wa Inkishafi" wenye silabi nane nane, hapo pana kasoro.

Dhana: "Maneno yanatofautiana na ya kitabuni, kwa hiyo ni bandia."

La. Tungo hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na alama za irabu za Kiarabu hazitenganishi *e* na *i*, wala *o* na *u*. Wanakili wengi waliandika *p* kwa herufi ile ile ya *b*, na *mb* wakaiandika *b* tu. Kwa mwandiko huo, "popo" na "bubu" zinaweza kuonekana sawasawa, na msomaji akaamua kwa maana na kwa mizani. Ndiyo maana matoleo mawili ya kweli ya utendi mmoja yanaweza kutofautiana kwa maneno, kwa idadi ya beti, hata kwa mpangilio wake. Pia wahariri wa vitabu vya shule hugeuza "ndoo" kuwa "njoo". Ubeti uliosanifishwa namna hiyo si bandia, ila uuite uliosanifishwa.

Kinachostahili shaka ni ubeti mzima usiopatikana katika toleo lolote.

Dhana: "Utendi wa Liyongo umetungwa na Liyongo."

Utendi huo ni wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwaka 1913. Liyongo ni shujaa wake, si mtunzi. Zipo tungo nyingine zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe, na moja inahitaji macho makali: Takhmisa ya Liyongo, ambayo mmisionari Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Kila ubeti una mishororo mitano. Mitatu ya kwanza ni ya Sayyid Abdallah, na miwili ya mwisho ndiyo inayohesabiwa kuwa ya Liyongo. Anayenukuu mshororo wa pili na kuandika "Liyongo" amekosea, hata kama ubeti wenyewe ni halisi kabisa.

Kijumwa alikuwa pia mnakili hodari aliyewaandikia watafiti wa Ulaya. Usichanganye tarehe ya nakala na tarehe ya utungo. Tenzi nyingi hutaja jina la mtunzi na mwaka wa Hijria katika beti za mwisho, kwa hiyo anza kusoma huko.

Dhana: "Kimechapishwa, hakuna shaka."

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata 1840. Mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na diwani ikatoka mwaka 1940 mikononi mwa William Hichens. Karne nzima! Kazi yao ni ya thamani kubwa, lakini ukinukuu taja toleo.

Kwa Shaaban Robert mambo ni kinyume: watu hukataa maneno kwa kuwa kitabu hakikutoka alipokuwa hai. Alifariki 1962, na *Kufikirika* kilitoka 1967. Dai jina la kitabu na ukurasa tu.

Dhana: "Nimetafuta mtandaoni sikuona, basi haupo."

Huenda umetafuta vibaya. Ukiandika ubeti mzima, tofauti ya herufi moja inakukosesha. Chagua maneno mawili au matatu yaliyofuatana, ya nadra, uyafunge kwa alama za kunukuu. Kisha badili tahajia: *kh* na *h*, *q* na *k*, *wasiati* na *wasiyati*, *ndia* na *njia*. Ukipata, fungua ukurasa wenyewe, soma beti mbili kabla na mbili baada, kwa kuwa vitabu vilivyopigwa picha husomwa na kompyuta kwa makosa. Ukikuta ubeti kwenye kurasa za juzi tu, zote bila kitabu, hesabu kwamba hujaupata. Na usiiulize programu ya akili bandia ikuthibitishie: inaweza kukutungia ubeti wenye vina na kukupa namba ya ukurasa usiokuwapo.

Hukumu nazo si mbili tu. Andika "ni wake" ukiwa na toleo mkononi; "unanasibishwa naye" pale wapokezi wanaposema hivyo bila hati; "haujapatikana", ukitaja matoleo uliyoyapekua; na "si wake" pale tu unapoonyesha mtunzi mwingine, au neno ambalo zama zake hazikulijua. Kwa "Negema wangu binti", maelezo yanatosha mstari mmoja: Utendi wa Mwana Kupona, ubeti wa 1, toleo la Alice Werner na William Hichens, 1934.