Ujerumani Mbili na Kibao cha Mlangoni

Ukipita Kikwajuni, Unguja, utaoneshwa maghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, na mwenyeji atakwambia, "Haya ya Wajerumani." Wajerumani wapi? Miaka ya sitini swali hilo lilitosha kuharibu urafiki wa serikali na serikali.

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti waligawana nchi hiyo pamoja na jiji la Berlin. Adui aliyewaunganisha alikuwa hayupo tena, na kila upande ukataka Ujerumani ifuate itikadi yake. Juni 1948 sarafu mpya ilianza kutumika upande wa magharibi. Wasovieti wakafunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi, iliyozungukwa na eneo lao, na kwa karibu miezi 11 watu zaidi ya milioni mbili wakategemea ndege. Hata makaa ya mawe yalipelekwa kwa ndege! Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili: Ujerumani Magharibi ya kibepari, serikali yake ikiwa Bonn, na Ujerumani Mashariki ya kikomunisti yenye makao Berlin Mashariki.

Bonn ilidai kwamba ndiyo pekee inayowasemea Wajerumani wote. Mwaka 1955 ikatangaza msimamo uliopewa jina la Walter Hallstein, ofisa wa juu wa wizara yake ya nje: atakayeitambua Ujerumani Mashariki ahesabiwe amefanya jambo lisilo la kirafiki. Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957, Kuba mwaka 1963. Moscow, iliyoilea hiyo Ujerumani Mashariki, haikuguswa; fimbo ilikuwa ya wadogo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikapata ubalozi na misaada, yakiwemo maghorofa hayo. Aprili 26 ikaungana na Tanganyika, ambayo marafiki zake walikuwa Bonn. Mambo ya nje yakawa ya Muungano, na nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili, wasiotaka hata kuonana.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati. Februari 1965 ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar ulikuwa umeondolewa, na nchi hiyo ikaruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo ni kibao cha mlangoni tu. Bonn haikuridhika. Iliondoa msaada wake wa kijeshi, wakiwemo wataalamu waliokuwa wakifundisha kikosi cha anga. Nyerere akajibu kwamba kama msaada ni wa kununulia msimamo, basi Bonn ichukue na uliobaki. Kwa nchi changa, hiyo ilikuwa gharama kubwa, na sidhani kama viongozi wengi wa wakati ule wangeibeba. Mafunzo ya anga baadaye yakachukuliwa na Kanada.

Huko Ulaya msimamo wa Hallstein ulichakaa taratibu. Desemba 1972 Ujerumani hizo mbili zilitia saini mkataba wa uhusiano, na Septemba 1973 zote zikaingia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1974 zikafunguliana ofisi, Bonn na Berlin Mashariki. Milangoni hapakuandikwa "ubalozi". Bonn ilikataa. Paliandikwa "uwakilishi wa kudumu".