Kufua wanajua, kusuuza ndiko hawajui

Kila Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza wanapoingia bwenini kwetu hapa Dodoma na ndoo zao mpya, sihangaiki kutazama wanavyofikicha nguo. Kufikicha karibu wote wanajua. Natazama wanavyosuuza. Kazi ya umatroni imenionyesha kwamba pengo liko hapo, na wametoka nalo nyumbani.

Kuna kijana alinijia akijikuna shingo. "Shikamoo matroni. Shati linaniwasha, na nimelifua mara mbili." Nikamwambia alilete. Kola ilikuwa imekakamaa, makwapani pana michirizi myeupe. Nikaweka maji safi kwenye bakuli la kioo, nikachovya kola, nikaiminya. Maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Mwenyewe alikuwa akiona shati halijatakata anaongeza sabuni, na kadiri alivyoongeza ndivyo ilivyozidi kubaki kwenye kitambaa.

Maji yetu nayo yanachangia. Mji huu kwa sehemu kubwa unategemea visima vya Makutupora, na maji ya ardhini ya huku ni magumu, yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu upesi. Sehemu yake huganda kuwa utando unaonasa kwenye nyuzi. Ndiyo maana shati jeupe huanza kufanana na majivu kabla muhula haujaisha. Sabuni ya unga huyavumilia maji haya vizuri zaidi, lakini nayo isiposuuzwa vizuri huwasha.

Sasa, mzazi atasema maji ya kusuuza mara nyingi tutayatoa wapi, na mgao huu? Hayahitajiki mengi. Chukua shati lililokamuliwa likabaki na nusu lita ya maji ya sabuni. Ukilisuuza mara moja kwa lita 10 na kulikamua tena vilevile, sabuni inayobaki ni sehemu 1 kati ya 21. Ukizigawa lita hizohizo mara mbili, lita 5 kwa 5, ukakamua katikati, inabaki sehemu 1 kati ya 121. Maji ni yaleyale. Kilichofanya kazi ni kule kukamua.

Kwa hiyo mimi nashauri tuanze na mwisho. Mtoto wa miaka sita mpe soksi na leso ulizokwisha kuzifua wewe, asuuze na kukamua tu, mpaka maji yatoke safi. Sabuni mpe baadaye, na umwonyeshe inapopakwa: kola, makwapa, pindo za mikono, basi. Viganja vidogo haviwezi kukamua suruali. Mfundishe kuizungusha kwenye nguzo ya kamba, ashike ncha zote mbili, asokote. Shuka ni la watu wawili. Na akimaliza, tafadhali usilichukue shati ukalirudia mbele yake. Niliwahi kumfanyia hivyo binti yangu, akakaa miezi asiguse beseni, na hilo bado linaniuma.

Maji yafuate mpangilio: nyeupe kwanza, kisha za rangi, soksi mwisho. Maji ya kusuuzia mara ya pili ndiyo ya kufulia mzigo unaofuata, na yakichafuka kabisa yanapiga deki chooni. Wakati wa kifuku, kuanzia Desemba, kinga maji ya bati uyaweke kwa ajili ya nguo nyeupe. Maji ya mvua hayana madini yale, na mtoto ataona mwenyewe povu linavyofumka.

Chupi mtoto afue kila siku anapooga, wavulana pia. Binti ajue kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha kwenye kitambaa, na kwamba vitambaa vya hedhi huanikwa juani. Nimevikuta vibichi chini ya godoro mara nyingi mno, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa kamba ya nje ni ya kwao pia.

Kuanika ni rahisi: nguo igeuzwe ndani nje, jua la huku lisiipaushe, na ifungwe vibanio. Miezi ya upepo, Julai na Agosti, ianikwe asubuhi na kuanuliwa mara ikikauka, maana ikikaa hadi jioni itakuwa imejaa vumbi jekundu.