Tashtiti ni nini? Mfano wa riwaya za uhamiaji za Gurnah

Tashtiti ni mbinu ya kifasihi ya kuanika maovu na upuuzi wa jamii kwa njia ya kuchekesha, hadi kicheko kimkwame msomaji kooni. Hapa Unguja wengi huichanganya na mipasho. Mpasho una mwenyewe, na waliomo ukumbini wanajua unamwendea nani. Tashtiti hulenga utaratibu mzima, na mara nyingi wanaoutumikia ni watu wapole, wanafanya kazi yao tu.

Chukua By the Sea, riwaya ya mwaka 2001 ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Uingereza baada ya Mapinduzi na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mzee Saleh Omar, mwenye miaka 65, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, na pasi ya jina lisilo lake. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Basi afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anajisemea mbele yake, na mzee anaelewa kila neno. Afisa anamweleza kuwa wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania, ila wao ni Wazungu, wana haki, ni watu wa nyumba moja. Kisha anapekua mkoba, anakuta kijisanduku cha udi, anaunusa, na mwisho anaondoka nacho.

Sisi tunaofukiza nguo za Idi na chumba cha bibi harusi kwa chetezo tunajua pale kimechukuliwa nini. Udi ule ni mabaki ya maisha ambayo mzee ameyaacha nyuma. Gurnah hamtukani afisa. Anamwacha aseme, na maneno yake mwenyewe yanamuumbua. Hapo ndipo penye ustadi wa tashtiti, na ndiyo maana sikubaliani na wanaomsoma Gurnah kama mwandishi wa huzuni tu.

Katika Admiring Silence ya mwaka 1996, Mzanzibari aishiye Uingereza anamtungia baba wa mpenzi wake, Bwana Willoughby, hadithi tamu za ukoloni, kwa kuwa ndizo mzee huyo anazopenda. Akirudi kwao, anakuta vyoo vimeziba na wakubwa wanajigamba. Atakayekasirika hapo nitamwelewa. Lakini kama mwandishi angeyaficha maovu yetu sisi, Waingereza angewasema kwa haki gani?